Kichupa Kilichoachwa Juani

Kila Jumamosi Jemima alifua sare yake, akapiga deki, kisha akamchemshia mama yake maji ya kuoga. Mama huyo, Virginie, alifanya kazi katika maabara moja ya Beni, na wiki hiyo umeme ulikuwa ukikatika kila mara. Siku hiyo alirudi amechoka sana, akiwa na boksi la barafu. Aliliweka chini ya meza.

"Jemi, hapana kufungua hii. Ndani kuna kingamwili, kikipata joto kinaharibika."

"Ni dawa, mama?"

"Si dawa. Ni kitu cha kutafutia." Mama aliegemea ukuta, akaeleza akiwa amefumba macho. "Seli zina vipokezi, vinavyopokea habari kutoka nje. Kipokezi kikiwashwa, kinapata alama ndogo ya kemikali, fosfeti, na seli inaanza kukua. Kingamwili hiki kinashika chenye alama tu, na hapo rangi inatokea. Kilicholala, kinakipita. Jumatatu nitapima vipande vya uvimbe wa wagonjwa. Ni vidogo mno, nikivitumia, vimekwisha."

Mama alipolala, Halima, rafiki wa Jemima, alikuja na juisi ya marakuja. Joto lilikuwa kali.

"Juisi ya moto hivi, nani atakunywa?" Halima alicheka. "Na ninyi muko na barafu pale!"

"Mama amekataza."

"Mama analala. Lakini kidogo tu! Unaogopa boksi?"

Jemima alilifungua. Alikitoa kichupa cha kingamwili, akakiweka dirishani, akachukua mifuko ya barafu. Walikunywa, wakaenda uani kuruka kamba. Alipokumbuka, jua lilikuwa limekipiga kichupa kwa saa kadhaa. Akakirudisha pamoja na barafu iliyobaki. Kwa macho, hakikuwa na tofauti yoyote.

Jumapili, kanisani, Jemima hakuimba. Jumatatu asubuhi mama aliinua boksi ili aende kazini.

"Mama, kingamwili kikiharibika, utajua?"

"Nitajua kwa kuchelewa. Napima vyote pamoja: vipande vya wagonjwa, na seli ninazojua zimewashwa. Zile seli zikikosa rangi, nitajua kimeharibika. Lakini vipande vitakuwa vimekwisha."

Jemima akaanza kulia. "Nilikitoa, mama. Nilikiacha juani. Tulitaka barafu ya juisi."

Mama aliketi kizingitini. Hakupiga kelele. Alijipangusa uso kwa kiganja, taratibu.

"Juisi," alisema. "Jemi, juisi kweli?"

Siku hiyo hakugusa vipande vya wagonjwa. Alikijaribu kingamwili kwenye zile seli zilizowashwa tu. Hakuna rangi iliyotokea. Akampigia simu Papa Salomon, mwenzake wa Butembo, aliyekuwa amehifadhi kiasi cha kingamwili hicho. Barabara ilikuwa imefungwa, wakangoja. Kilipofika, kikiwa katika barafu mpya, seli zilitoa rangi vizuri, na mama akapima vipande.

Jioni hiyo alimwita Jemima, akamkalisha karibu naye.

"Nilikasirika, sikufichi. Uliniongezea kazi, na nimechoka. Lakini kingamwili tumepata kingine. Wale wamama wagonjwa hawawezi kukatwa tena vipande vingine kwa sababu yetu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Ulisema nikiwa mlangoni. Ungengoja nirudi, tungelia wote wawili bure."