Mkono Juu ya Mji

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Agosti, mwaka 2019, Chiriku aliingia katika chumba cha kazi cha shangazi yake kumwamkia kabla ya kwenda shuleni, kama ilivyokuwa desturi yake. Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa sababu ya maneno yake mengi. Shangazi alichunguza vimondo, yaani mawe ya angani yanayowaka yaingiapo katika hewa yetu. Juu ya paa ilikuwapo kamera iliyotazama anga zima kupitia kifuniko cha kioo. Mezani ilikuwapo redio iliyotegwa kwenye kituo cha mbali mno, kisichosikika huko. Kila kimondo kilipopita, mkia wake uliirudisha sauti ya kituo hicho kwa muda mfupi. Nusu ya neno ilisikika chumbani, kisha kimya.

Asubuhi hiyo Shangazi alifungua picha za usiku, akabaki ameshika kikombe bila kunywa. Juu ya mapaa ya mji palikuwa na mkono. Ulijitokeza mwezi ulipopanda, ukatoweka mwezi ulipotua. Vidole vitano vya ukungu vilitanda angani kana kwamba vingeufumbata mji wote.

Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa ameleta nguo. Akachungulia.

"Mama Vimondo, hicho nini tena? Leo wanangu hawatoki nje!"

"Subiri kwanza, jirani."

"Nisubiri nini? Kije kinipapase?"

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Shangazi akaanza kuandika ujumbe kwa vituo vingine vya kuchunguza anga vilivyotegemea picha zake. Kama angewapa habari ya uongo, nani angemwamini tena? Chiriku akakumbuka. Jana jioni, alipopanda paani kusafisha kifuniko cha kamera, upepo ulipeperusha kitambaa cha kufutia kioo, naye akafuta kwa kiganja alichotoka kukipaka mafuta. Lakini akisema, huenda asiruhusiwe tena kupanda paani, kazi aliyoipenda kuliko zote.

"Ajabu," Shangazi alisema polepole. "Kitu kikubwa hivi kingepita, redio ingelia. Nimetazama rekodi yake: saa hizo ilinyamaza kabisa. Na wewe, Chiriku, umeniamkia tu ukanyamaza. Kulikoni?"

Chiriku aliinua mkono, akauweka juu ya picha. Vidole vililingana na vile vya angani, hata kidole gumba kilichopinda.

"Ni mimi, Shangazi. Nilifuta kioo cha kamera kwa mkono wenye mafuta. Nisamehe. Sitapanda tena."

Shangazi aliufuta ujumbe wake.

"Nani kasema usipande? Jioni utapanda na kitambaa kipya. Ila kwanza nenda kwa fundi ukamweleze, na umpelekee kiatu chake. Mwanangu, alama hii ungeisema jana, tungeifuta mara moja. Umeificha, mwezi ukaiangazia, tazama ilivyoufunika mji mzima. Kosa liseme lingali dogo."

Papo hapo redio ikapiga mluzi. Sauti ya mtu asiyejulikana ikatamka nusu ya neno, ikakatika. Wote wawili wakaigeukia redio.

"Kimepita," Chiriku akanong'ona.

Nawe msomaji, usibaki na kisa hiki peke yako. Msomee mdogo wako leo, kisha umwombe naye amsimulie mwenzake.