Tutaona

Miaka minne baada ya kumzika mkewe, Ergash, mwoka mikate wa soko la Chorsu mjini Tashkent, aligongana na mwanamke aliyevaa gauni la hariri ya kijani, katikati ya msongamano wa wanunuzi wa asubuhi.

"Kaka, unatembea au unalima?"

"Nisamehe, dada. Chukua mkate, bure."

"Bure? Basi nipe ambao haujaungua."

Jina lake Oydin, fundi cherehani, mjane. Simu zikaanza. "Umekula, mzee wa majivu?" "Nakusubiri wewe unipikie, mpenzi." "Utakonda!"

Masika hayo Ergash akamtuma dada yake, Holida, akapose. Kaka yake Oydin alimkaribisha chai, akajibu, "Tumesikia. Tutashauriana, halafu tutaona."

Mji mzima unajua posa ya kwanza hujibiwa hivyo. Jibu la ndiyo huja baada ya kurudi mara ya pili, pengine ya tatu. Ergash naye alijua. Lakini neno hilo alishalisikia zamani. Wakubwa wa hospitali alikolazwa mkewe walimwambia hayohayo, wametulia nyuma ya meza zao: tunafuatilia, tutaona. Watu wa vyeo hawana neno lililonyooka, na hakuna wa kuwauliza.

"Nirudi tena," Holida akamsihi.

"Usithubutu! Sitaki kusikia la pili."

Akazima simu. Siku tisa akaunguza mikate tanurini. Ya kumi, Oydin akaja, macho mekundu, akaipita foleni yote.

"Kama umenichoka, sema!"

"Kaka yako ndiye aliyesema mtaona."

"Ulitaka anitoe siku ya kwanza kama paka? Wewe umezaliwa wapi?"

"Hapahapa. Oydin, kuhusu mama watoto waliniambia tutaona. Nikaenda nyumbani, nikalala. Asubuhi nikarudi, nikakuta kitanda chake kitupu."

Oydin akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

"Basi sikia. Nakutaka. Nimesema mbele ya hawa wote, wakasimulie. Kesho mlete Holida. Kaka atazungusha maneno tena, nawe usitie neno moyoni."

"Nikiogopa?"

"Nipigie."

Oydin hajafika langoni mwa soko, simu yake ikalia.

"Oydin, sema tena."

"Nakutaka, Ergash," akasema kwa sauti, wauza vitunguu wakageuka. "Haya, uza mikate."