Mraba wa Kijani

Habari hii aliitoa kwanza shangazi, dada mkubwa wa baba, jioni aliyorudisha sare ya kiwanda, mvua za kwanza za mwaka ule zikianza. Aliieleza mara moja tu, taratibu, mgongo ameuegemeza ukutani, nasi tumeishika kama alivyoitoa.

Kiwanda kilitengeneza sufuria. Shangazi alizikagua zikishatoka. Mdogo wake, baba yetu mdogo, ambaye kwa makelele yake wote tulimwita Nyundo, aliendesha mashine kubwa ya kukandamiza bati. Ndipo uongozi ukatangaza mafunzo ya akili bandia kwa wafanyakazi wa zamani. Atakayeweza atabaki, atakayeshindwa afunge virago.

Shangazi alipewa kuifundisha kamera iliyofungwa juu ya mashine ya Nyundo. Kamera ikiona mtu amekaribia taya la mashine, inaizima. Aliketi chumba cha pembeni mbele ya skrini. Kila mtu aliyeonekana alizungushiwa mraba wa kijani, na kazi yake ilikuwa kusahihisha: hapa yuko mtu, hapa hakuna mtu.

Mafunzo hayajafika mbali, mashine ikaanza kusimama bila sababu. Kwenye skrini palikuwa na mraba kando ya nguzo, wa kimo cha mtu, na ndani yake sakafu tupu.

"Dada, mashine yako ina adabu," Nyundo alisema wakati wa chai. "Imeona mgeni, ikasimama kumpisha."

"Hebu acha. Hapo kwenye nguzo zamani palikuwa na nini?"

"Kisima. Walikifukia kabla hatujaajiriwa. Kwani unataka kuchota?"

Shangazi hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akisikia harufu ya maji yaliyolala, ndani ya ukumbi ule wa joto na grisi.

Alimweleza mwalimu wao, binti mpole mwenye miwani.

"Ni kivuli, mama. Weka 'hakuna mtu', itajifunza."

"Na kama yupo, mwalimu?"

"Angekuwepo angeshadai mshahara."

Darasa likacheka. Shangazi akarudi kwenye picha. Katika kila moja ule mraba ulikuwa umesogea karibu zaidi na Nyundo, na katika zile za mwisho miraba miwili ililaliana ikawa kama mmoja. Mkono wake ukasita. Alijua mashine isiposhika mwendo, kibarua chake kitaota nyasi, na cha mdogo wake pia. Akabonyeza: hakuna mtu. Na iliyofuata. Na iliyofuata.

Mashine haikusimama tena. Shangazi akafaulu, akapigiwa makofi.

Adhuhuri moja bati lilikwama, na Nyundo, kwa mazoea aliyopata tangu kamera ifungwe, akaingiza mikono yote miwili chini ya taya bila kuzima chochote, akijua ataonekana. Shangazi akatazama skrini, akaona mraba kwa fundi umeme, mraba kwa mfagiaji, mraba hata kwa mwalimu aliyekuwa akipita na kikombe chake, na kwa mdogo wake, aliyesimama wazi katikati ya picha, hapakuwa na kitu, na ile harufu ya kisima ikamjia chumbani kana kwamba mtu amefunua kifuniko nyuma ya shingo yake, naye akatoka mbio, akiita kwa sauti iliyomezwa na kishindo cha mashine, hadi akamshika mkanda na kumvuta, taya likashuka mbele ya nyuso zao.

Mikono ilikuwa mizima. Lakini ilikuwa baridi, na ilichuruzika maji.

"Nyundo. Mdogo wangu, umeumia?"

Alimtazama kama mtu anayetazama mgeni mlangoni.

"Nyundo yupi?" alisema polepole. "Si ulisema hapa hakuna mtu."

Shangazi alirudi kwenye skrini, akamwekea mdogo wake alama ya mtu katika kila picha mpaka macho yakamwuma. Kamera haikukubali. Mwisho akaleta mganga nyumbani. Mganga alinusa vile viganja, akafunga mkoba wake.

"Huyu aliyeingia naweza kumtoa," alinong'ona. "Lakini nikimtoa, mwili utaanguka mtupu. Mwenye nyumba mlishamfukuza. Sema wewe."

Shangazi alimfuta mdogo wake viganja mpaka chai ikapoa.

"Mwache," akasema.

Mganga amekwisha kufariki. Mwalimu yu hai, anafundisha viwanda vingine. Shangazi yu hai. Humpakulia mdogo wake chakula kila siku na hamgeuzii mgongo. Nyundo hula, hulala, hana mzaha tena. Tukipiga picha ya ukoo, simu hutuzungushia nyuso zetu zote miraba midogo, na kumruka yeye. Shangazi ametuagiza tumhesabu na walio hai.