Aliyekaribishwa Marafa

Kile kipande cha mkate wa sinia kilikuwa kimeng'atwa, na aliyeking'ata hakuwa Alamin wala mkewe Ruwaida.

Walikuwa wameketi juu ya vilima vya Marafa, jua la adhuhuri limewasimama utosini, chini yao makorongo mekundu. Skuta wameiegesha kando. Hawakuwa na haraka. Tangu watoke kwao Shella ya Malindi asubuhi walikuwa wakisimama kila palipowapendeza, Ruwaida akipiga picha, Alamin akimtania kwamba kwa mwendo huo watarudi Malindi mtoto keshaanza madrasa. Mtoto mwenyewe bado alikuwa tumboni. Mimba zilizomtangulia ziliharibika zote, changa kabisa, na hii ndiyo iliyovuka. Daktari kasema mambo salama, lakini Ruwaida alikuwa hajathubutu kununua hata soksi.

"Umeuma wewe?" aliuliza Ruwaida.

"Mimi? Hicho si nimekuwachia wewe."

"Basi nani?"

Alamin akacheka, kisha kicheko kikamkatika. Alikumbuka kwamba alipokuwa akifungua mkoba alisikia hatua za mtu akipita nyuma yake kwenye changarawe, naye hakugeuka hata kutazama. Alisema tu, mdomo umejaa, "Karibu bwana, karibu tule." Ndivyo tulivyolelewa watu wa kwetu. Mtu akipita unakula, unamkaribisha, awe nani awe nani, naye hushukuru akaenda zake. Huyu hakushukuru, wala hakwenda.

"Ulikuwa ukimkaribisha nani vile?" Ruwaida sasa alinong'ona.

"Nilidhani kuna mtu."

"Subhanallah! Jua la utosi, mahali kama hapa, wamkaribisha usiyemwona? Inuka tuondoke."

Waliondoka bila hata kukunja mkeka. Njia ya kushuka ni mteremko mtupu, skuta hukimbia yenyewe, lakini siku hiyo iliguna kama inapanda, gurudumu la nyuma limebonyea hadi linakwaruza. Hewa ikaanza kunuka udongo uliorowa, ilhali kiangazi cha kaskazi kilikuwa kimekausha hata visima. Alamin akasikia kutafuna. Taratibu, karibu na sikio lake, kama mzee asiye na meno.

"Ruwaida, usinibane hivyo. Nashindwa kuvuta pumzi."

Sauti ya mkewe ikaja, ndogo, ikitetemeka: "Mikono yangu iko tumboni, Alamin. Nimelishika tumbo langu."

Hapo Alamin hakuthubutu kutazama kiuno chake, akakaza macho barabarani na kuanza Ayatul Kursi, akaikosea, akaianza upya, akaikosea pale pale, yeye aliyeihifadhi kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na kila alipokosea ile mikono ilimkumbatia zaidi, bila hasira, kama mtu anavyomkumbatia rafiki aliyemtendea wema, na nyuma yake mkewe alikuwa akilia pasi na sauti, akisema kuna mtu ameegemea mgongo wake, ana baridi, Alamin, ana baridi na anazidi kusogea.

Njia panda ya kwanza alikuwapo Sidi. Kila mtu wa barabara ile anamjua: mwanamke mganga wa Kigiriama, siku akikosa wagonjwa huuza matunda ya mabungo. Aliwaona wanakuja, akaweka mikono kiunoni.

"Wee bwana! Mama ana mimba nawe wapakia mishikaki? Abiria wawili nyuma, huna huruma?"

"Shikamoo mama," alisema Alamin, akisimamisha skuta. "Tuko wawili tu."

Sidi aliacha mabungo yake pale pale, akamshika Ruwaida mkono, akamwingiza uani kwake, akamkalisha mkekani na kumfukiza ubani. Moshi ulipomfunika, Ruwaida akainua kichwa. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya kiume, ya upole kabisa.

"Ahsanteni kwa chakula."

"U nani?" Sidi akauliza.

"Mgeni."

"Umekula. Sasa nenda."

"Sikudandia. Nilikaribishwa, na kwa ukarimu. Ni zamani sana hajanikaribisha mtu. Nimeshapata pa kukaa. Nikitoka, natoka na mwenzangu."

Sidi akaweka kiganja juu ya tumbo la Ruwaida, na mara akakiondoa kama aliyegusa sufuria jikoni. Akamvuta Alamin pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Nilijua yuko mgongoni. Hayuko mgongoni tena. Kumtoa naweza, hata sasa hivi. Lakini mtoto hatabaki."

"Mtoe!" Alamin alipasua sauti. "Mtoe, mama, nakuomba! Mtoto Mungu atatupa mwengine, mimi namtaka mke wangu!"

"Asiniguse mtu."

Hiyo ilikuwa sauti ya Ruwaida mwenyewe. Alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, macho mekundu kwa moshi, mikono yote miwili tumboni.

"Ruwaida, hujui lililomo humo."

"Wale wengine sikupata hata kuwaosha, Alamin. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na watu wakaniambia hivyo hivyo, Mungu atakupa mwengine." Machozi yalimtiririka lakini sauti haikuyumba. "Huyu atazaliwa. Nimesema atazaliwa."

"Nani atazaliwa?" Alamin akauliza.

Sidi akamwaga maji juu ya makaa. Hakuwa na la kufanya. Mwenye tumbo kakataa. Ruwaida akalifunika tumbo vizuri kwa leso aliyojitanda, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ambayo Alamin hakuwahi kuisikia kwake, ya mama anayembembeleza mwanawe:

"Kaa. Kaa, usiogope."

Leso ikainuka upande mmoja, ikashuka, ikainuka upande wa pili, kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta pa kulaza ubavu. Halafu ikatulia.