Chupa ya Upepo

Kila Ijumaa asubuhi, pikapu ya Thobias hushuka kutoka Nyandira kwenda sokoni Morogoro. Hubeba njegere na karoti. Mkewe, Yustina, hukaa mbele, macho kwenye kioo cha pembeni. Anachunga magunia yake. Hamwamini mtu.

Alhamisi hiyo, magunia sita ya njegere yalikuwa tayari uani. Lakini pikapu haikuingia gia. Thobias alikanyaga klachi, kanyagio likazama mpaka chini, wala halikurudi.

"Kama nimekanyaga tope," alisema.

Njegere hazingoji. Zikilala guniani siku mbili hupata moto, zinageuka njano. Hapo hata ng'ombe huzitazama mara mbili.

Kwa wiki mbili Thobias alikuwa akiongeza mafuta kwenye kikopo cha klachi, kile kidogo kilicho chini ya boneti. Akijaza leo, kesho yamepungua. Yustina alichungulia chini ya gari. Pakavu!

"Mafuta hayana miguu," alisema. "Yameanza kupungua tangu Regina aazime gari kubeba matofali. Fundi huyo anaharibu ili aitwe kutengeneza."

"Mke wangu, Regina ni jirani yetu."

"Ndiyo maana anajua funguo tunaweka wapi."

Regina alisomea ufundi wa magari chuoni Kihonda. Siku hiyo alikuwa mjini. Yustina, akiwa jikoni, alimsikia mumewe akiongea naye kwenye simu.

"Kwa hiyo upepo utabaki ndani? Lazima utolewe? Haya, njoo mchana. Chupa ninayo."

Kisu kilimsimama Yustina mkononi. Upepo! Chupa! Shangazi yake aliwahi kutolewa upepo na mganga. Aliambiwa umefungiwa kwenye chupa. Alirudi nyumbani na homa ileile, mbuzi wake wawili wamebaki kwa mganga.

Yustina alichukua rozari. Akaenda kwenye ua wa jirani yake, Catherine, akanong'ona, "Mume wangu anataka kutoa upepo nyumbani kwangu!"

Mchana Regina alifika na mfuko wa spana, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, na kiboksi kutoka duka la vipuri la Harshad.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ni nyumba ya watu wa Jumuiya ya kanisani. Hapa hatutoi pepo."

Regina alimtazama Thobias. Thobias alitazama viatu vyake. Regina akacheka mpaka akakalia gunia.

"Toka kwenye njegere zangu," alisema Yustina.

"Samahani, mama. Upepo huu ni hewa tu. Ukikanyaga klachi, mafuta husukuma pampu ndogo kule chini. Hewa ikiingia, nguvu ya mguu inaishia kwenye hewa. Gia haiingii."

"Maneno hayo. Nina kitendawili."

"Tega."

"Anakunywa kila siku, wala hamwagi tone."

"Huyo namjua. Njoo umwone."

Gari lilikuwa mahali tambarare. Regina alivuta breki ya mkono, akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu.

"Na kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," alisema.

Alilala chali, akajisogeza chini ya gari. Akaonyesha pampu ndogo ubavuni mwa gia boksi, akavuta kifuniko chake cha mpira. Mafuta meusi yakamwagika, pwaa!

"Mnywaji wako huyu. Mpira wa ndani umelika. Mafuta yanajificha kwenye kifuniko, gari likitembea yanadondoka njiani."

Yustina aliinama zaidi. "Kwa hiyo si wewe?"

"Mpira huu una umri wa ndoa yenu, mama."

Regina alifungua paipu, akakinga mafuta kwa kopo. Akafungua nati mbili, akatoa pampu kuukuu, akafunga mpya kutoka kwenye kile kiboksi. Kisha akajaza kikopo cha klachi mafuta mapya ya breki, ambayo klachi pia huyatumia, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake.

"Usiweke ya injini wala ya kupikia. Yanaharibu mipira. Na haya yasiingie machoni. Sasa, chupa."

"Nitaishika mimi," alisema Yustina. "Nataka kuona kinachotoka."

Regina alichomeka mpira kwenye skrubu ndogo ya pampu. Ncha nyingine aliizamisha kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.

"Baba, kanyaga! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Regina alilegeza skrubu. Povu likaja, bwabwabwa. Thobias akaachia mguu. Povu likakimbia kurudi lilikotoka.

"Wewe baba!" Yustina alipiga kelele. "Hajafunga! Unaurudisha ndani!"

"Umemwambia vyema," alisema Regina. "Nifunge kwanza, ndipo aachie."

Wakarudia. Kanyaga, fungua, funga, achia. Kila baada ya mara chache Regina alijaza kikopo. Kikikauka, hewa huingia upya. Mwishowe chupani yalikuja mafuta matupu, bila povu hata kidogo. Kanyagio likawa gumu. Thobias akawasha gari. Gia ikaingia kimya.

Ijumaa njegere zilifika sokoni zikiwa kijani kibichi. Yustina alichora mstari kwenye kikopo cha klachi. Kila asubuhi alikagua. Mafuta hayakushuka.

Jumapili baada ya misa, wanawake waliokuwa wakinong'ona nje ya kanisa waligeuka Yustina alipofika. Catherine akasogea.

"Yustina, ni kweli mlitoa upepo?"

"Kweli. Chupa nilishika mwenyewe."

Wote wakarudi nyuma hatua moja.

"Catherine, klachi ya gari lenu si inazama?"

"Inazama. Kwani vipi?"

"Mwiteni Regina. Na lenu lina upepo. Chupa nimeiandika SUMU, nimeificha watoto wasiione. Lakini nyie nitawaazima."