Ukoko wa Waridi

Marashi ya mawaridi yalianza kunukia ukumbini mwa Zubeida siku ya Jumanne asubuhi, na chupa yake ya marashi ilikuwa tupu tangu Idi. Akanusa mito, akanusa mapazia, mwisho akaliinamia sanduku la kioo la mumewe. Harufu ilikuwa ikitoka majini.

Mumewe, Faraj, alikuwa karani wa bandari ya Kipevu, na akili nyingi huondoa maarifa. Mzungu wake wa kazini alimfundisha kufuga samaki wa baharini chumbani, na tangu hapo nyumba yao ya Shika Adabu, Likoni, ikawa na maji mengi ya chumvi kuliko ya kunywa. Samaki wenyewe wala hakuwajali. Alichotaka ni ukoko, ule utando mgumu wa rangi ya waridi unaoshika mawe ya pwani kama wali ulioungulia chunguni. Alileta jiwe moja lenye ukoko, akalikwangua kwa kisu, akaunyunyiza unga wake majini ili kila chembe ikaote penye jiwe jingine. Kila asubuhi akadondosha maji ya chokaa ya kuukuza, tone kwa tone, kisha akafunika kioo kwa kanga ya mkewe, jua lisiuchome.

"Wanipenda mimi au hayo mawe?" Zubeida alimtania.

"Nyote."

Baada ya miezi miwili ukoko ulikuwa umeenea kila mahali, na Faraj akaanza kukohoa, akapewa ruhusa ya kukaa nyumbani. Adhuhuri moja Zubeida akiwa jikoni alisikia kwaru, kwaru, kama mtu anayekwangua chungu, akaenda ukumbini akafunua kanga, asione mkono wala kisu, ila samaki waliokufa wote wakielea. Na sauti ikanyamaza, kisha ikaanza tena chumbani, naye akaifuata mpaka kitandani alikolala mumewe, akaweka sikio, na ilikuwa ikitoka kifuani mwake.

"Bwana," alinong'ona, "nambia kweli. Jiwe la kwanza ulilitoa wapi?"

"Pangoni."

"Pango lipi?"

"La mzimu. Jiwe lenyewe lilikuwa limemwagiwa marashi. Wallahi, halikuwapo jingine zuri kama lile."

Zubeida alitamani kumpiga, na alitamani kumkumbatia. Hata mtoto wa Likoni ajua kwamba pangoni mle watu hupeleka vitu, hawatoi.

Alasiri ile akaja Bi. Kanze, mganga, na chetezo chake cha ubani. Alimfunika Faraj shuka nyeupe, akaliuliza lililo ndani lataka nini. Ikajibu sauti ya mwanamke, taratibu, bila hasira.

"Mumenikwangua. Nalikuwa mmoja, sasa ni wengi. Nikusanyeni."

Siku tatu Zubeida alibeba kila jiwe, kila debe la maji, hata vipande vya kioo alichokivunja, akavirudisha pangoni mpaka viganja vikatoka damu. Shuka ikatandazwa tena.

"Bado kimoja," ikasema sauti.

Ghafla Faraj mwenyewe akalia. "Nilimpa yule Mzungu wangu! Siku aliyoondoka. Nilimtilia kipande koponi, zawadi."

Zubeida akakaa chini. Mzungu yule alikuwa ameshapanda meli kwenda kwao, kama wenzake wengi mwaka ule wa kungojea uhuru. Hakuacha anwani, na Ulaya si Mtongwe hapo jirani.

Bi. Kanze akaikunja shuka.

"Mzimu huyu nusu yake i ng'ambo ya bahari, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nikimtoa hapa hana pa kwenda. Sina dawa."

"Basi mume wangu je?"

Mganga alichukua chetezo chake akatoka bila kumtazama usoni.

Usiku wa uhuru, bendera mpya ilipopandishwa, Likoni nzima ilikuwa nje kwa vigelegele. Zubeida alikuwa amekaa kitandani, akiushika mkono uliokuwa mgumu, wenye kukwaruza, uliogeuka rangi ya waridi kutoka kucha hadi kiwiko. Tangu kuolewa hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Alimwonea haya na alimheshimu. Usiku ule alishindwa, akamwinamia, akaita kwa uchungu wote aliokuwa nao:

"Faraj! Faraj wangu!"

Midomo ya mumewe ikafunguka, na sauti ya kike, nyororo, yenye adabu zake, ikaitika:

"Abee."