Gagulo la Mpapai Dume

"Hili gagulo la nani?"

Mwinshehe ndiyo kwanza anatoka kuswali alasiri, hata kandambili hajavua. Mkewe, Mwanaasha, kasimama mlangoni kashika gagulo la zambarau kwa ncha za vidole. Nyuma yake begi la nguo limeshafungwa zipu. Maskini, alikuwa anatafuta ovaroli la mumewe alifue, akaingiza mkono kwenye mkoba wa kazini, akatoka na hilo!

"Mwana, tulia kwanza."

"Nitulie? Gagulo lenyewe naingia mara mbili! Nitajie jina lake sasa hivi, la sivyo naenda kwetu Chang'ombe."

"La mama Erasmus."

"Demetria? Jirani yetu hapahapa Mtoni?" Mwanaasha akacheka kicheko kibaya. "Haya! Mie nimeshindwa kukuzalia, umeona umfuate mwenye watoto sita!"

"Wallahi sio hivyo!"

Hakumsikiliza. Akapiga simu, akaweka spika.

"Mama Erasmus, gagulo lako ninalo mimi."

"Jamani, bado hajalifunga tu? Maua si yatapukutika yote!"

"Alifunge wapi?"

"Si kwenye mpapai wenu! Kwetu mpapai dume ukigoma kuzaa unafungwa gagulo, unaona aibu, unazaa. Kwani mumeo hajakwambia?"

Simu ikakatwa. Mwanaasha akageuka kutazama uani, pale kati ya ukuta na choo ambapo hata mkeka hautandikiki. Mpapai ulikuwa ndani ya pipa lililokatwa, umebanana na ndoo zilizopandwa milimau na pesheni. Waliupanda wiki ya harusi yao. Kila mwaka unaning'iniza maua marefu, yanaanguka, papai hakuna.

Hasira zilianza kumshuka, lakini bado alikuwa na lake.

"Magagulo yangu yamejaa kabatini. Kwa nini ukaombe kwa jirani?"

Mwinshehe akainama kuvua kandambili.

"Nijibu, mume wangu."

"Mama Erasmus alisema liwe la mwanamke aliyezaa."

Mwanaasha akakaa juu ya begi lake, puu!

"Ningekuomba lako ningekudanganya," Mwinshehe akasema. "Ningekwambia sababu ningekuumiza. Nikaona bora nifiche."

"Na wewe fundi mzima unaamini upuuzi huo?"

"Siamini. Ila mama yangu alipokuja alisema nyumba hii hata mti hauzai. Ulikwenda kulia jikoni, ukadhani sijakuona. Nikasema nitajaribu chochote, akija tena alikute papai, akose la kusema."

Machozi yakamtoka Mwanaasha, na kicheko kikayafuata hukohuko. Alhamdulillahi! Mchana kutwa alikuwa ameshajiona mjane wa mume aliye hai.

"Ulipaswa kumjibu mama yako siku ileile."

"Nilipaswa. Nilimwogopa. Nisamehe."

"Akisema tena je?"

"Namjibu palepale: mama, shikamoo yako naitoa kila siku, lakini mie nimemuoa Mwanaasha. Mtoto akija, tutashukuru. Asipokuja, huyu ndiye mke wangu, na asisemwe ndani ya nyumba yake."

"Apa."

"Wallahi!"

Mwanaasha akafungua zipu ya begi, akachambua nguo, akatoa gagulo lake jeupe la harusi. Akatoka nalo uani, akalizungusha kwenye shina la mpapai.

"Mwana, si wamesema la aliyezaa?"

"Waseme wao. Mti wangu, gagulo langu. Uzae usizae, haung'olewi. Njoo ushike hapa nikaze fundo."